Jicho Linaloshuka Kisimani: Kazi ya Fundi wa Kamera za Ukaguzi, kutoka Maji ya Karatu hadi Mabomba ya Mafuta

Kamera ya ukaguzi ni chombo kinachomwezesha fundi kuona mahali ambapo jicho lake halifiki na ambapo mwili wake haupaswi kufika: ndani ya kisima kirefu, ndani ya bomba la majitaka, katikati ya mtambo wa kufua umeme au chini ya bahari kandokando ya bomba la gesi. Watu wengi wanaposikia habari za kazi hii huihusisha moja kwa moja na mafuta, na huamini kwamba kijana wa Karatu anayeitamani hana budi kusubiri mafuta yapatikane karibu na kwao, au afungashe mizigo akayafuate yaliko. Imani hiyo inaianza safari kutoka mwisho wake, kwa kuwa shimo la kwanza linalohitaji kamera hiyo lilikwishachimbwa zamani, nalo ni kisima cha maji.

Endabash, kati ya maziwa mawili

Kata ya Endabash iko kusini mwa mji wa Karatu, mkoani Arusha, katika nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Manyara upande wa mashariki na Ziwa Eyasi upande wa magharibi. Maziwa yote mawili yamo katika Bonde la Ufa, na yote mawili yana maji ya magadi yasiyofaa kunywewa na binadamu, hivi kwamba mkazi wa nyanda hizo, ambaye mara nyingi ni Mwiraqw mwenye shamba na mifugo, anaishi kati ya maji mengi asiyoweza kuyatumia. Mvua inaponyesha, sehemu ya maji huteremka makorongoni kuelekea mabondeni, na sehemu nyingine hupenya taratibu katika nyufa za miamba ya volkano ya nyanda za Ngorongoro na za miamba ya kale iliyo chini yake, na kuhifadhika huko katika kina kirefu.

Ndiyo maana katika sehemu kubwa ya wilaya ya Karatu huduma ya maji imetegemea chemchemi na visima virefu, yaani mashimo membamba yanayochimbwa kwa mtambo na kuwekewa pampu inayozamishwa majini. Chombo kilichojulikana kwa jina la KAVIWASU kiliendesha visima na mitandao ya mabomba katika vijiji vingi vya wilaya hiyo kwa miaka mingi, na tangu Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ilipopitishwa, maji ya vijijini nchini Tanzania yamekuwa chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA), ukishirikiana na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii ambavyo huundwa na watumiaji wenyewe.

Kisima kirefu kina tabia moja inayokitofautisha na mali nyingine za kijiji: sehemu yake ya thamani zaidi haionekani. Wanakijiji huliona tangi, nyumba ya pampu, kituo cha kuchotea na foleni ya ndoo, lakini hakuna anayeliona shimo lenyewe. Maji yanapopungua, lawama ya kwanza huiangukia pampu, na mara nyingi michango hukusanywa, pampu mpya hununuliwa, kisha baada ya miezi michache maji hupungua tena. Pampu huenda haikuwa na kosa. Inawezekana kina cha maji ardhini kimeshuka, au matundu ya kuingizia maji yameziba, au bomba la ukuta wa kisima limetoboka kwa kutu, au mchanga umejaa chini hadi kukaribia pampu, na kila moja ya kasoro hizo ina tiba yake na gharama yake. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa ulio mita 90 chini ya ardhi hauwezi kuzibwa na mtu asiyejua kwamba upo, wala hauwezi kutibiwa kwa kubahatisha.

Namna kamera inavyoshushwa

Seti ya kukagulia kisima ina sehemu chache. Kamera yenyewe imo ndani ya kopo la chuma kisichoshika kutu, lililofungwa barabara ili maji yasipenye hata yanapokuwa na mgandamizo mkubwa, na kuizunguka lenzi kuna taa ndogo za LED, kwa kuwa kisimani hakuna nuru nyingine. Kamera nzuri zina lenzi mbili, moja ikitazama chini na nyingine ikitazama ubavuni na kuweza kuzungushwa duara zima. Kamera huning'inia kwenye kebo iliyoviringwa katika winchi, na kebo hiyo hubeba uzito wa kamera, hupeleka umeme na hurudisha picha. Juu kuna kioo cha kuonyeshea, kifaa cha kurekodi na kipima kina, ambacho ni gurudumu dogo linalozungushwa na kebo inapopita na kuandika mita pembeni mwa picha.

Kazi huanza siku kadhaa kabla ya kamera kuguswa. Pampu na mabomba yake huopolewa, kisha kisima huachwa kitulie, mara nyingi kwa siku nzima au zaidi, kwa sababu kuopoa pampu huvuruga uchafu na kamera haioni katika tope. Kamera na kebo husafishwa kwa maji ya klorini, la sivyo bakteria waliotoka katika kisima cha jana watapelekwa katika kisima cha leo. Fundi huweka pete za kuisimamisha kamera katikati ya shimo, huanzisha hesabu ya kina kutoka mdomo wa bomba la kisima, na kuandika kwamba sifuri yake ni mdomo huo wala si usawa wa ardhi, kwani bomba huweza kuchomoza nusu mita juu ya ardhi na tofauti hiyo huweza kumfanya atakayekuja baadaye atibu mahali pasipo na ugonjwa.

Kamera inapoanza kushuka, kioo huonyesha duara ndani ya duara: ukuta wa bomba linaloitwa kesingi na wachimbaji, ambalo huzuia udongo usiporomoke, na kila baada ya mita chache alama ya kiungo cha bomba moja na lingine. Ghafla nuru hutawanyika na picha hutikisika, na hapo kamera imefika kwenye uso wa maji. Fundi husimamisha winchi na kuandika kina hicho, kwani ndicho kipimo cha kwanza cha afya ya kisima. Chini zaidi hufuata vipande vyenye nafasi nyembamba za kuingizia maji, ambavyo ni chujio la kisima, na hapo mwendo hupunguzwa sana, kwa kuwa maradhi mengi ya visima hukaa kwenye chujio.

Ute mwekundu au wa rangi ya kutu unaoning'inia kama pamba iliyolowa ni dalili ya bakteria wanaoishi kwa kutumia chuma kilichomo majini, na tiba yake ni klorini na kusugua. Ukoko mweupe na mgumu kwa kawaida ni chokaa iliyoganda, ambayo huondolewa kwa tindikali inayoshughulikiwa na wataalamu. Michirizi ya maji inayotiririka ukutani juu ya uso wa maji humaanisha kwamba kesingi imetoboka na maji ya tabaka la juu yanaingia bila kuchujwa, jambo lenye uzito wa pekee katika kisima kilicho karibu na zizi au choo. Kamera ikigota mita 10 kabla ya kina kilichoandikwa siku ya uchimbaji, fundi anajua kwamba mchanga umejaa, na kwamba huenda chujio limepasuka mahali fulani na kuupitisha. Hata pampu iliyokatika na kudondoka huonekana ilivyolala, na mafundi huweza kuchagua kulabu au kishikio kinachofaa kuiopoa badala ya kuvurumisha vyuma gizani.

Kuna jambo ambalo kamera haiwezi kuliona. Katika maeneo mengi ya Bonde la Ufa maji ya ardhini yana floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, na ambayo Shirika la Afya Duniani linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Floridi haina rangi, na picha safi ya kisima si cheti cha usalama wa maji. Hata hivyo, kamera huonyesha maji yanaingilia kina gani, na taarifa hiyo ikiunganishwa na vipimo vya maabara humsaidia mtaalamu kuamua kama kuna tabaka linaloweza kuzibwa na jingine la kuachwa.

Kuona na kusoma

Kutokana na maelezo hayo inaonekana kwamba thamani ya kazi iko katika usomaji wa picha kuliko katika kuwa na kamera. Mtu yeyote anaweza kufundishwa kwa siku moja namna ya kushusha kebo, lakini kutofautisha ukoko na kutu, kivuli na ufa, au kiungo cha bomba na mpasuko, kunahitaji macho yaliyotazama visima vingi. Maji yenyewe hudanganya, kwani mwanga unapopita kutoka majini kuingia kwenye kioo bapa cha kamera hupinda, na vitu huonekana vikubwa kwa takriban theluthi moja kuliko vilivyo. Kebo iliyolowa huweza kuteleza kwenye gurudumu la kipima kina, kwa hiyo fundi mwangalifu huangalia kama kipimo kinarudi kwenye sifuri kamera inapotoka, na kama hakirudi huiandika tofauti hiyo badala ya kuificha.

Katika mabomba ya majitaka, ambako kamera husukumwa kwa waya mgumu au hupanda kigari chenye magurudumu, usomaji una utaratibu rasmi unaotumika katika nchi nyingi. Kila kasoro hupewa msimbo, yaani alama fupi ya herufi, na mahali pake kwenye mzunguko wa bomba hutajwa kwa namba za uso wa saa: 12 ni paa la bomba, 6 ni sakafu, 3 ni ubavu wa kulia na 9 ni ubavu wa kushoto. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili ana mtego wake mwenyewe, maana katika hesabu yetu ya saa mshale unapoelekea juu kwenye 12 tunasema saa sita, na unapoelekea chini kwenye 6 tunasema saa kumi na mbili. Fundi akimwambia mwenzake kwa mdomo kwamba ufa uko saa sita, mmoja anaweza kuuandika paani na mwingine sakafuni, wakati ufa wa paani ni dalili ya bomba kulemewa na uzito na ufa wa sakafuni ni mlango wa majitaka kuvujia ardhini. Kwa sababu hiyo ni busara katika timu ya Waswahili kutaja juu, chini, kulia na kushoto kwanza, kisha namba ya kwenye fomu.

Kazi hii pia huokoa uhai. Chemba na mabomba ya majitaka hukusanya gesi ya haidrojeni salfaidi, ambayo ni nzito kuliko hewa, hutulia chini, na ikiwa nyingi huilemaza pua isiisikie harufu yake kabla haijaua. Kamera imefanya iwezekane kukagua bila kumteremsha mtu, na pale ambapo mtu hana budi kuteremka, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wake, jambo ambalo kwa chemba lina maana ya kupima hewa kwanza, kuvaa mkanda wenye kamba na kuwa na msimamizi aliye juu.

Kutoka kwenye maji hadi kwenye gesi na mafuta

Mwenye kuelewa kisima cha maji ameshaelewa nusu ya kisima cha mafuta, kwa sababu vyote viwili ni shimo lenye kesingi, chujio, kina na kutu. Nusu iliyobaki ni tofauti kubwa. Kisima cha maji kiko wazi, lakini kisima cha gesi kina mgandamizo unaoweza kuirusha kamera nje, hivyo vifaa hupitishwa kwanza katika chemba ndefu ya chuma iliyofungwa juu ya vali za kisima na kuzibwa kuzunguka kebo. Maji yakitulia hupenyeza nuru, lakini mafuta ghafi ni meusi, na kamera haioni kitu mpaka yasukumwe na kimiminika angavu au gesi. Tena kuna joto: katika visima vya jotoardhi vya Olkaria nchini Kenya, ambako umeme umezalishwa tangu mwaka 1981, joto la chini hupita nyuzi 300 za Selsiasi, kiwango ambacho elektroniki za kamera ya kawaida haziwezi kukivumilia, na wahandisi hutegemea zaidi vipima joto na mgandamizo vilivyotengenezwa kwa mazingira hayo.

Tanzania imegundua gesi asilia nyingi, ingawa haijaanza kuzalisha mafuta ghafi. Gesi ya Songo Songo, mkoani Lindi, iligunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika mwaka 2004, ikisafiri kilomita 25 chini ya bahari na kilomita 207 nchi kavu hadi Dar es Salaam, na bomba kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara likazinduliwa mwaka 2015. Sehemu ya bomba iliyo baharini hukaguliwa kwa chombo kinachoogelea chini ya maji kikiongozwa kwa kebo kutoka melini, na anayekiongoza ni fundi wa kamera kama yule wa kisimani, ila badala ya winchi ameshika usukani. Katika mitambo inayotumia gesi hiyo kufua umeme, kama ile ya Kinyerezi, kamera nyembamba kama kidole, iitwayo boroskopu, ndicho chombo cha kawaida cha kuchungulia mapanga ya mashine za aina hiyo bila kuzifumua.

Bomba la Mafuta Ghafi la Afrika Mashariki, lijulikanalo kama EACOP, lina urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda hadi Chongoleani, Tanga, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko Tanzania, zikipita katika mikoa minane ambayo mmoja wao, Manyara, unapakana na Karatu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na huganda katika joto la kawaida, kwa hiyo bomba limebuniwa kuyapasha hadi nyuzi 50 hivi. Ndani ya bomba la namna hiyo kamera haina la kuona. Kinachotumika ni chombo kiitwacho pigi, kinachosukumwa na mafuta yenyewe huku sumaku na vipokezi vyake vikipima unene wa chuma na kutambua palipoliwa na kutu. Ni funzo muhimu kwa anayechagua fani hii, kwamba kamera ni chombo kimoja katika sanduku la ukaguzi, na fundi anayejua kamera peke yake atajikuta amesimama kazi inapobadilika.

Karibu zaidi na Endabash, Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) limekuwa likitafiti mafuta katika bonde la Eyasi-Wembere, linaloanzia kwenye Ziwa Eyasi na kuelekea kusini-magharibi. Utafiti wa namna hii hupima mvutano wa ardhi kwa ndege, hutuma mitetemo ardhini na kuchoronga mashimo mafupi ili kuzijua tabaka za miamba, lakini utafutaji si uchimbaji, na bonde linaweza kutafitiwa kwa miaka mingi bila kutoa hata pipa moja. Anayepanga maisha yake juu ya mafuta ambayo hayajapatikana anajenga juu ya bahati, ilhali visima vya maji vinazeeka kila mwaka, mafuta yapatikane au yasipatikane.

Njia ya kuifikia kazi

Nchini Tanzania mlango wa kazi hii uko katika ngazi mbili zinazojulikana. Fundi mchundo hupata ujuzi wa mikono, hasa katika vyuo vya ufundi stadi vya VETA, katika fani kama ufundi bomba, umeme na uchomeleaji. Fundi sanifu husomea stashahada na hutarajiwa kupima, kuandika na kueleza, na ngazi hii ndiyo inayolingana na kazi ya kusoma picha. Chuo cha Maji cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1974, hufundisha elimu ya maji ya ardhini na uchimbaji wa visima, na Chuo cha Ufundi Arusha kiko jirani kwa wakazi wa Karatu. Bodi ya Usajili wa Wahandisi husajili pia mafundi sanifu, na usajili huo humsaidia mtu kutambulika na waajiri wa sekta ya maji na ya gesi na mafuta.

Kwa anayetaka kuvuka hadi kwenye gesi na mafuta, kuna vyeti vya ukaguzi usioharibu kitu, yaani upimaji wa chuma bila kukikata, vinavyotolewa kwa kufuata kiwango cha kimataifa cha ISO 9712. Ukaguzi wa macho, ambao kamera ni sehemu yake, ni mojawapo ya mbinu za kiwango hicho, pamoja na mawimbi ya sauti, sumaku na mionzi, na una madaraja matatu: wa daraja la kwanza hupima kwa kufuata maelekezo, wa pili hutafsiri matokeo, na wa tatu huandaa taratibu na kuwasimamia wengine. Anayechagua upande wa mionzi huingia pia chini ya udhibiti wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Kila daraja lina kazi moja inayofanana, nayo ni ripoti. Ripoti ya kisima huandika mahali kilipo, tarehe, kina cha maji, aina ya kesingi, kila kilichoonekana pamoja na mita yake na picha yake, na hutenganisha kilichoonekana na kinachodhaniwa. Ripoti hiyo huwa na maana kamili inapowekwa kando ya kumbukumbu za siku ya uchimbaji, ambazo hutaja kina, tabaka za udongo na mahali chujio lilipowekwa. Katika vijiji vingi kumbukumbu hizo hupotea pamoja na kamati iliyokuwepo, na fundi wa kamera hulazimika kumjua mgonjwa ambaye hana cheti cha kuzaliwa.

Viongozi wa vyombo vya maji vya Endabash na kata jirani wanaweza kuanza na jambo lisilohitaji kamera wala mfadhili: kutafuta kumbukumbu za kila kisima, kuzitoa nakala, na kuweka moja ofisini na nyingine mahali pengine salama, kisha kudai ukaguzi wa kamera kabla ya kukubali kununua pampu mpya. Madai ya aina hiyo yakirudiwa kijiji baada ya kijiji ndiyo yatakayozaa ajira, kwa kuwa fundi hupatikana palipo na kazi ya kudumu. Kijana atakayejifunza kusoma giza la kisima cha maji atakuwa na ujuzi wa kupeleka Songo Songo, Chongoleani au Olkaria akitaka, na asipotaka kuondoka, visima vya kwao vitamhitaji maisha yake yote.